Ufa chini ya Jiko la Mama

Jumapili, saa mbili usiku

Leo baada ya misa nilirusha droni yangu, kile kindege chenye kamera, kutoka uani kwa mama, nimpigie picha ya nyumba yake na ziwa nyuma yake. Ni mchezo wangu tu wa Jumapili. Siku nyingine ninafundisha hesabu.

Kwenye skrini niliona kitu ambacho tukiwa uani hatukioni. Wanaojenga ghorofa hapo chini wamechimba mteremko hadi karibu na jiko la mama, na udongo una ufa mrefu.

Kabla sijaishusha droni, msimamizi wa ujenzi akaingia na walinzi wawili.

"Madame, nani alikupatia ruhusa ya kupiga picha shantie yetu?"

"Papa, niko kwa mama yangu, si kwenye ujenzi wenu. Ni sheria gani inakataza?"

"Siku hizi mutu wa droni iko mupelelezi. Futa, ao tunakupeleka kwa askari."

Sheria yenyewe siijui. Labda haki ninayo, lakini huko kwa askari nani angenisikiliza? Nilifuta picha zote mbele yake. Naona haya hata kuandika hili.

Walipoondoka nilimwambia mama kuhusu ufa, kwamba mvua ikinyesha udongo unaweza kuporomoka na nyumba, nikamwomba aje kulala kwangu. Akakataa kuhama: nyumba aliijenga marehemu baba yangu. Nikalia kama mtoto. Ndipo akachukua kitenge na rozari, tukaja kwangu.

Sasa amelala kitandani mwangu. Mvua imeanza, na kila ngurumo ninamgusa bega, nihakikishe yupo.