Mapazia Matatu na Jina la Rahila

Jumatatu, 11 Agosti 2025

...na vidole vyake, hivyo ndivyo nilivyokuwa navisema jana kabla Bi Mwatum hajaingia na mkate wa kumimina nikaficha daftari chini ya mto. Virefu! Vikipiga kompyuta ni kama vinachambua mchele. Haitham. Mume wangu! Naandika tena kwa raha zangu: mume wangu.

Siku ya nne ya fungate. Hatutoki. Bi Mwatum, somo yangu aliyenifunda mambo ya ndoa, ndiye mlango wetu: chakula kinapita kwake, wageni wanapita kwake, hata salamu za mama zinapita kwake na zikinifikia zina harufu ya udi.

Nimemuuliza Haitham kazi yake khasa ni ipi, maana wakati wa posa walisema tu "ya kompyuta". Alivyofurahi! Ametengeneza mfumo wa zahanati ya Bwana Zulfiqar, hapa Chake. Kuna kitu kinaitwa fremuweki. Wewe unaandika huduma ndogo, kwa mfano ya kusoma jalada la mgonjwa, halafu huiendeshi wewe. Unaikabidhi, na fremuweki ndiyo inayoiita wakati wake ukifika. Nikamwambia, basi ni kama mimi: siendi popote, nakaa, naitwa. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Na huduma ile unaweza kuitundikia mapazia mbele yake bila kuigusa yenyewe. Pazia moja linauliza: wewe nani, una ruhusa? Jengine linaandika nani kapita. Anayeomba hajui kama kuna mapazia, na huduma nayo haijui. Mengine yanaitwa dekoreta, mengine intasepta. Tofauti yake alinieleza vizuri sana — mimi nilikuwa naangalia kope zake.

Pazia la tatu kalitundika wiki moja kabla ya harusi, mbiombio, maana zahanati walilalamika mfumo mzito. Kazi ya hilo ni kukumbuka. Kitu kilichokwisha kujibiwa kikiombwa tena, halishuki chini kukitafuta. Linatoa jibu lile lile.

Baada ya alasiri, simu. Bwana Zulfiqar mwenyewe. Kwanza hongera na dua, halafu sauti ikabadilika. Leo Rahila, dada wa mapokezi, kamfungulia mgonjwa mmoja, mke wa mtu, ukurasa wake ili ampangie siku ya kurudi. Yakatokea majibu ya vipimo, ambayo ni ya daktari tu, mapokezi hawatakiwi kuyaona. Rahila kaona mimba. Kafurahi, kasema kwa sauti: "Hongera, bibie!" Mbele ya foleni nzima. Mbele ya mama mkwe! Na yule mke hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu mimba mbili zimeshamtoka. Kaondoka analia.

Rahila anasema ukurasa ulifunguka wenyewe, akadhani sasa wameruhusiwa. Inawezekana? Haitham akajibu pale pale: haiwezekani, pazia la ruhusa lipo, labda katumia neno la siri la daktari.

Alijibu kwa fahari kidogo, kifua mbele. Nami nikampenda zaidi kwa kujiamini kule. Naandika ukweli.

Jumanne, 12 Agosti

Rahila kasimamishwa kazi. Ati mwizi wa neno la siri.

Lakini ngoja niandike kwa mpango.

Kipa mkono changu, zawadi aliyonipa Haitham siku ya harusi, ni pete ya jiwe la kijani, na barua. Barua! Kaiandika kwa mkono wake, kurasa mbili. Bi Mwatum alisema habari ya barua ni ya mama yangu peke yake. Asubuhi mama alimtuma mama mdogo Siti aje kuuliza nimepewa nini, Bi Mwatum akaridhia, akajibu. Vizuri. Sasa mama mdogo Siti ndiye anayekaa barazani kupokea wageni. Kila aliyekuja kuuliza, yeye hakuingia tena ndani kumsumbua Bi Mwatum. Jibu si analo? Kampa jirani Bi Maliha. Kampa muuza samaki. Adhuhuri haijafika, mtaa mzima wa Gombani unajua nimeandikiwa barua!

Bi Mwatum katoka na upawa mkononi.

"Siti! Nani kakuruhusu?"

"Si wewe, asubuhi?"

"Nilimruhusu mama yake!"

"Kwani jibu si lile lile?"

"Jibu lile lile, muulizaji siye! Mimi nimekaa ndani nalinda mlango, kumbe jibu liko barazani! Nalinda nini mimi, kuku?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Haitham hakucheka. Tonge alikuwa nalo mkononi. Kalirudisha kwenye sahani, kanawa, kafungua kompyuta. Nilimsemesha mara mbili hakunisikia. Mara ya kwanza tangu tuoane!

Baadaye akasema, taratibu: "La kukumbuka liko nje."

Pazia linalotundikwa mwisho ndilo linalokuwa la nje kabisa. Na hilo alilitundika mwisho. Daktari kafungua majibu ya yule mke, pazia la kukumbuka likayashika. Dakika chache baadaye Rahila kaomba ukurasa ule ule. Likampa pale pale. Pazia la ruhusa lilikuwa ndani, halikuulizwa hata. La kuandika nalo halikuandika kitu. Mama mdogo Siti na baraza yake!

Kahamisha mstari mmoja juu ya mwengine. Kajaribu mara tatu. Mfumo umepona. Mstari mmoja tu!

"Hakuiba kitu," kasema. "Mimi nimesema kaiba."

Nilimshika vile vidole. Vilikuwa baridi.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi kasema tungoje. Fungate inamalizika kesho, ataenda akiwa huru. Halafu akatoa la moyoni: mkataba wake na zahanati unaisha mwezi huu, na Bwana Zulfiqar ndiye aliyeahidi kumtaja kwa zahanati za Wete. Akikiri, labda ndio basi. Na ameshaniahidi nyumba yetu wenyewe, yenye dirisha la jikoni linalotazama migomba.

Nilitaka sana kukubali! Siku moja tu, mtu na mumewe. Lakini nikamfikiria yule dada anapita madukani, watu wananyamaza akifika.

Nikamwita Bi Mwatum. "Somo, mwachie aende zahanati."

"Bwana harusi aonekane mjini siku ya sita? Watasema mmegombana!"

"Waseme. Kuna mtu anaitwa mwizi kwa neno lake."

Bi Mwatum akachukua kofia ya Haitham, akaipangusa, akamvika mwenyewe. "Pitia uani. Na urudi chakula hakijapoa."

Alirudi chakula kimepoa. Kamwambia Bwana Zulfiqar kila kitu, na kamwonyesha ule mstari. Mzee kauliza moja tu: "Kijana, juzi mbona ulijibu haraka vile?" Basi. Rahila anaitwa kazini. Mkataba — "tutazungumza".

Nimempashia chakula moto mwenyewe. Wallahi leo nimempenda kuliko siku ya harusi, na amekaa mbele yangu kichwa chini kama mtoto aliyevunja kikombe.

Ijumaa, 15 Agosti

Fungate imekwisha. Bi Maliha kaniuliza kwa upole kama tumeshapatana. Nimemwambia alhamdulillahi.

Rahila hajarudi kazini. Simu ya zahanati hapokei.

Jumapili, 17 Agosti

Haitham kampigia Rahila yeye mwenyewe. Kapokea, kasikia jina, kakata. Haitham kapiga tena, imezimwa.

Bi Mwatum kasema mambo haya yana njia yake: hutumwa mtu mzima, huenda na maneno mazuri, hurudi na radhi. Ataenda yeye, Rahila kwao ni kijijini Ole na yeye anao jamaa huko. Haitham alivyoshusha pumzi! Kala sahani mbili.

Mimi sikuwa na hakika. Sijui kwa nini.

Alkhamisi, 21 Agosti

Bi Mwatum karudi kutoka Ole na kapu la muhogo na sura nzito.

Rahila kampokea vizuri mno. Kamtandikia jamvi uani pembeni ya karafuu zilizoanikwa, kampa chai. Kamsikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema: "Bi Mwatum, mimi na wewe hatuna ugomvi. Aliyesema naiba yuko wapi?"

Bi Mwatum kasema kijana anaona haya.

"Hata mimi naona haya," kajibu. "Yule mke niliyempa hongera nataka kwenda kumwomba radhi. Kila nikivaa buibui nalivua. Nitabisha hodi kwa jina gani, la mwizi? Asitume mtu. Aje aseme hapa hapa, mama yangu asikie."

Bi Mwatum kaeleza yote haya kasimama. Kisha kaniambia kando: "Mwanangu, mimi kazi yangu mlangoni. Hii si ya mlangoni."

Haitham kakaa kitandani na simu. Nikasema leta, nitaandika mimi, mimi mwandishi! Nilishaanza: Dada Rahila, mimi Ummi, mke wa Haitham... Akanishika mkono. "Hapana. Nawe utakuwa pazia."

Akafuta. Akaanza upya, akasita. Akauliza, niandike "nitakuja siku moja inshaallah"? Akafuta na hilo.

Vidole vyake vile vya kuchambua mchele, leo vilikwenda herufi moja moja. Nimenakili hapa alivyoandika, kwa sababu hii pia ni barua yake, na naiweka pamoja na ile aliyoniandikia mimi:

Rahila, ni mimi Haitham. Ni mimi niliyesema umeiba, na hukuiba, kosa lilikuwa langu. Nitakuja kwenu Ole, mimi mwenyewe, nimwambie mama yako hayo. Kabla mwezi haujaisha.