Maji ya Kiwandani na Binti Yangu

Hapana bwana, hakukosea vipimo. Kosa ni la maji.

Pale kwenye kiwanda cha karatasi anakofanya kazi binti yangu maji hayabadilishwi, yanazungushwa yale yale. Gundi ya makaratasi makuukuu wanayoyasaga imejaa humo mpaka yananuka. Ukitia dawa ya kushikamanisha karatasi, uchafu unaimaliza kabla haijafanya kazi. Basi karatasi inakatika mashineni kutwa.

Mwezi mzima anawaambia, badilisheni maji. Wanamjibu, ongeza dawa.

Leo meneja kamsimamisha mbele ya wenzake. "Wewe dada wa maabara, dawa unatia kwa kubahatisha."

Kwa kubahatisha, rafiki yangu. Huyu mtoto anayepima hata maji ya maharage.

Binti akamgeukia kaka yake, si unajua ndiye anayeendesha ile mashine. "Kaka, waambie, maji yakoje?"

Kaka mtu akaangalia viatu vyake. "Mimi naona ni ya kawaida tu."

Ya kawaida! Juzi alikuwa hapa kwangu analalamika yanamwasha mikono.

Dada mtu kafukuzwa kazi saa hiyo hiyo.

Mama yao kachelewesha chakula mpaka wote wawili wafike. Ndio tumekaa sasa. Kaka kaomba mchuzi, dada kampa bila kumtazama. Wanaoongea ni wajukuu tu.