Leo Nimemvunja Kaka Yangu Mkono kwa Fimbo ya Baba

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, mlima umejifunika mpaka magotini, na baridi ya huku Meru haina huruma na mtu.

Leo nimemvunja kaka yangu mkono.

Naandika nikiwa nyumbani, juu ya Kikatiti, kwenye meza ya Baba. Mimi nina bucha mjini, Engutoto. Miaka yote hii nakata mifupa, naujua mlio wake. Ule wa leo niliusikia kabla Elisante hajapiga yowe, na nikajua hapo hapo nilichofanya.

Ilikuwa siku ya kumaliza tanga la Baba. Ng'ombe alishachinjwa, turubai limefungwa, mchungaji yuko njiani. Baada ya ibada fimbo ya Baba ilikuwa ikabidhiwe kwa Elisante, mkubwa wetu, mkandarasi wa mjini. Nyumba na zizi vinabaki kwa Anaeli, kitinda mimba, aliyemuuguza mzee mpaka pumzi ya mwisho. Baba mwenyewe alishasema hivyo na hakuna aliyenung'unika. Mimi nilipewa kazi ndogo tu, kuifuta ile fimbo na kuipaka mafuta. Ni ya mti wa mloliondo, nzito, imeng'aa kwa kushikwa.

Najua ambayo yangesemwa kwenye ibada. Kwamba marehemu alikuwa mpole. Kila marehemu husemwa hivyo.

Baba hakuwa mpole.

Alipita miaka tisini na sikuwahi kumwona amekaa bure. Mawe ya ukuta wa nyumba hii aliyavunja mwenyewe kwa nyundo, jiwe moja moja, mpaka jicho la kushoto likaingia kipande na hakuacha kazi. Nyati aliposhuka kutoka msituni akaingia kwenye mahindi, wenzake walipiga madebe, yeye akaingia na panga. Nyati akamchana paja kutoka gotini kwenda juu, akamtupa kwenye mgomba. Baba akainuka akamfuata tena huku akimtukana kwa Kimeru. Alirudi nyumbani ameishika nyama ya paja lake kwa mikono miwili, akamwambia Mama achemshe maji. Kidonda hakijafunga, alikuwa shambani anapalilia kahawa, anajiburuta kwa makalio.

Bei ya kahawa ilipokufa, alichukua shoka akaiangusha mibuni yote aliyoipanda ujanani. Siku nzima anakata na kulia kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Kesho yake akapanda nyanya.

Sisi watoto alituchapa. Nilimpenda mpaka sasa kifua kinaniuma nikiitazama kofia yake pale msumarini.

Halafu kuna habari ya Mzee Zakaria, jirani yetu wa chini. Mfereji unaoleta maji kutoka mlimani waliuchimba wao wenyewe, yeye na Baba na wenzao, na kila nyumba ina zamu yake. Siku moja kwenye zamu yetu Zakaria aliyageuzia maji kwake. Baba alishuka, akampiga ngumi moja, meno mawili ya mbele yakabaki kwenye tope. Nilikuwa msichana mdogo, niliyaona.

Jioni ile ile Baba alikata isale. Ni lile jani refu, la kijani, tunalolipanda kwenye mipaka ya mashamba. Ukimkosea mtu unalifunga fundo unampelekea. Akilipokea, yamekwisha. Akilikataa, hamna undugu tena, na kijiji kizima kitajua. Baba aliongeza sheria yake mwenyewe: aliyepiga ndiye anayelipeleka, kwa miguu yake, siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe wa jioni hawajakamuliwa. Alimkuta Zakaria bado anatema damu, akapiga magoti mbele ya mke na watoto wa mwenzake. Zakaria akapokea. Wamekunywa pombe ya ndizi pamoja mpaka mwezi uliopita tulipomzika mmoja wao.

Sasa basi, asubuhi hii. Niko barazani na fimbo na kitambaa, nasikia panga linakata huko migombani. Nikadhani ni kuni. Nikaenda kuangalia, fimbo ingali mkononi.

Elisante alikuwa na sululu mkononi, na vibarua wawili, nguzo za zege na seng'enge. Walikuwa wanafyeka masale. Yale masale ya Baba, ya mpaka kati ya sehemu ya Elisante na ya Anaeli, safu nzima imelala chini.

Anaeli akatoka zizini mbio, panga mkononi, gumboti zimejaa mavi.

"Unakata mpaka wa Baba na kaburi lake halijakauka?"

"Mpima anakuja Jumatatu," Elisante akasema. "Mstari umepinda, utatuletea kesi. Haya ni majani tu, Anaeli. Acha ushamba."

Hilo neno ushamba. Kumwambia mtu aliyebaki shamba akimwogesha baba yenu.

Panga la kwanza la Anaeli liligonga mpini wa sululu. La pili lilipita karibu na koo la Elisante, niliona kola ya shati ikifunguka. Elisante akaishusha sululu, ikachana sikio la Anaeli na damu ikamwagika shingoni. Vibarua wakakimbia. Elisante akainua sululu tena, na safari hii macho yake hayakuwa ya kaka yangu.

Pigo langu la kwanza lilikuwa la kuokoa. Sululu ilianguka, Anaeli akajivuta nyuma, hatari ikaisha.

Pigo la pili lilikuwa la hasira yangu tu.

Mfupa ulivunjika kwa la pili. Sitaki kujidanganya hapa, hata kama watu wote wanasema nimeokoa maisha ya mtu. Nilikuwa na nafasi ya kuacha, niliiona, nikapiga. Na kwa muda mfupi nilisikia raha.

Walimpakia Elisante kwenye gari kumpeleka hospitali mjini, mkono wa kulia unaning'inia. Mchungaji akafika, akatazama damu, akasogeza ibada mpaka kesho baada ya kanisa. Mimi nikabaki mpakani nimesimama, na ndipo nikayaona mashimo ya nguzo. Yalishachimbwa. Yote yalikuwa upande wa Elisante, yameingia ndani kwenye migomba yake, hatua nzuri tu, mpaka Anaeli angepata njia ya kupitishia ng'ombe bila kuzunguka.

Alikuwa anampa ardhi.

Si angesema! Mdomo anao. Lakini Elisante naye ni mtoto wa mzee yule, hawaelezi kitu, wanaanza kazi. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa hasira, na nilikuwa bado nina hasira naye.

Mzee Zakaria akaja polepole kutoka kwenye turubai. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Katika maisha yangu hajawahi kuninyima marahaba.

"Baba yako alikuwa anapiga, mwanangu," akasema, na lile pengo la meno likaonekana. "Mimi nalijua hilo kuliko nyie. Lakini alikuwa anakuja mwenyewe. Wewe unasubiri nini?"

Sikukata isale jipya. Niliokota moja kati ya yale yaliyofyekwa, nikalifunga fundo, nikawasha pikapu ya bucha. Njia nzima nilikuwa najibishana na Elisante peke yangu kwa sauti. Nilijua kitu kimoja tu. Akilikataa, leo nimemzika Baba mara ya pili, na kaka juu yake.

Nilimkuta kwenye benchi la korido, mkono umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Aliniangalia akageuza uso. Nikapiga magoti pale kwenye sakafu, nguo zina damu ya ndugu zangu, mbele ya watu wote. Nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, kaka. La pili halikuwa na sababu."

Sauti ilitoka vibaya, utadhani bado nagombana. Yeye akatazama lile jani.

"Mkono wa kupokelea umeuvunja," akasema.

Ni kweli. Kitu cha namna hii hakipokelewi kwa kushoto, kila mtu wa kwetu anajua. Nilibaki na mikono hewani, sijui nifanye nini. Mabega yakaanza kuuma. Nikafikiri, ndiyo hivyo, yamekwisha.

Akainama akaling'ata.

Akalishika kwa meno yake, machozi yanateremka mpaka kwenye jani, na mimi nikakishika kichwa chake chenye mvi kwa mikono yangu yote miwili. Alipolitoa mdomoni aliuliza saa. Nikamwambia saa kumi na moja inakaribia.

"Ng'ombe," akasema. Naye alikuwa amemchana Anaeli sikio, na ilimpasa kumfikia kabla hawajakamuliwa.

Niliendesha vibaya sana. Kila tuta kwenye barabara ya Moshi lilimtoa Elisante kilio, na kila kilio nilikisikia kwenye mkono wangu mwenyewe, lakini sikupunguza mwendo na yeye hakuniomba. Tulipopinda Kikatiti kupanda juu, giza lilishaanza kushika. Nilijua tumechelewa. Anaeli anakamua mapema, hajawahi kuwachelewesha ng'ombe hata siku moja, hata siku tuliyomzika Baba.

Tukawasikia kutoka getini. Wanalia ng'ombe wote, kwa pamoja, kelele za kutisha.

Anaeli alikuwa amekaa kwenye kigoda zizini, sikio limefungwa kitambaa, ndoo kavu katikati ya miguu. Viwele vimejaa mpaka vinadondosha. Na magotini kwake kulikuwa na isale, limefungwa fundo.

"Mmechelewa," akasema. "Hawa wanaumia."

Akainuka akaja mpaka kwa Elisante. Akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Elisante akafungua mdomo.

Mimi nikachukua ndoo nikakaa kukamua, maana mtu mmoja ilibidi afanye kazi.

Kesho kabla ya kanisa tunayarudisha masale ardhini. Isale likichomekwa linaota, halina makuu. Tutayapanda kwenye mashimo ya Elisante. Ana mkono mmoja tu, lakini wa kushikilia mche wakati mimi nashindilia udongo unatosha.

Fimbo nimeiegemeza nyuma ya mlango. Imebaki na alama ndogo pale ilipogonga, na mafuta hayajaifuta. Sijui kama Elisante ataikubali.

Mimi sitaigusa tena.