Karatasi Mbili za Kahonzi

Barani, Malindi
9 Agosti 1986

Kwako ndugu yangu Dena,

Pokea salamu nyingi kuliko mbu wa hapa Barani. Hujambo huko Thika? Baridi haijakugandisha? Mimi mzima, nauza bahasha na kuwaandikia watu barua palepale nje ya posta. Bado waniita Karani, na darasa la nne sikulimaliza.

Nimesikia umegombana na mama mkweo, Kadii. Umemwambia alikuficha ugonjwa wa mwanawe, na kwake Kakuyuni hukanyagi tena. Hata marehemu mkeo Kahonzi wamlaumu, kwamba alikuandikia yu mzima. Juzi mama Kadii alipita hapa. Barua hakutaka. Alilia tu, akaenda zake.

Dena, wajua kazi yangu. Mteja asema, mimi naandika karatasi ya kwanza mbiombio. Kisha naisafisha, marudio natoa, palipopinda nanyoosha, nanakili karatasi ya pili. Hiyo ndiyo namsomea, atia dole gumba, nafunga bahasha. Kahonzi alikuja mwezi wa Machi. Alikohoa sana, na maneno yake yalikuwa yaleyale, tena na tena. Nilidhani ni kikohozi cha vumbi. Nikamtania kwamba barua si kilio, mume atakimbia. Akacheka kidogo. Basi nikasafisha mpaka nikajisifu: shamba limelimwa, sisi wazima, twakungoja sikukuu.

Wakati wa kumsomea nikaona haya, maneno hayakuwa yake tena. Nikamsomea ile karatasi ya kwanza. Akaitikia kwa kichwa, kisha akatia dole kwenye ya pili, ndiyo uliyoipata.

Tangu azikwe, kila nikimsomea mtu barua nasikia kile kikohozi nyuma yangu. Nikigeuka hapana mtu. Meza nimeihamisha mara mbili, kimenifuata. Nawachekesha wateja ili nisikisikie, na bado nakisikia.

Siku ya matanga uliniuliza kama Kahonzi alisema lolote. Nikakujibu, "Hakusema." Alisema, Dena. Mimi ndiye niliyeyatoa maneno yake.

Karatasi ya kwanza sikuitupa. Nimeitia humu, na mwandiko wangu wauona mbovu lakini yasomeka: "Dena, njoo, natema damu. Mama asema nikuambie. Dena, njoo."

Nenda kwa mama Kadii kwanza. Mimi nipo hapahapa nje ya posta, ukitaka kunipiga sitakimbia.

Nisalimie wenzako wa kiwandani, na Mungu akulinde safarini.

Ni mimi,
Baya