Nivunje Dari ya Mwalimu Wangu?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana Jumatatu inakuja na mimi nimeishiwa uongo. Mimi ni mwanagenzi wa lipu na mapambo ya dari, nasomeshwa na chama chetu cha mafundi wa ujenzi, niko mwaka wa mwisho, na darasa letu ni ghala lililogawanywa vyumba vidogo ambamo mtu anapiga lipu, inakaguliwa, kisha anaibomoa mwenyewe na kufagia ili mwenzake aanze, na hilo sijawahi kulilalamikia kwani ndiyo desturi.

Mwalimu wetu tunamwita Bi Taa, kwa sababu hulaza taa ubavuni mwa ukuta mpaka kila kasoro itoe kivuli. Sasa bega lake limekwisha, daktari amemkataza kuinua mkono, mwisho wa mwezi huu anastaafu, lakini juzijuzi alipanda jukwaa mara ya mwisho kutuonyesha ukanda wa jasi, ule unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari, akakokota kile kibao chenye ncha ya bati iliyokatwa umbo la ukanda juu ya jasi bichi, taratibu, bila kusita, na nakuapia, mistari ilitoka imenyooka mpaka konani, na pale konani, ambapo sisi wote huharibu, huwezi kuona upande mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Niliogopa, mshauri, kama mtu aliyeonyeshwa kitu asichostahili kukiona.

Akashuka, akafuta mikono, akanigeukia mimi: "Mtihani wako uko hapo. Vunja hiyo, weka yako."

Tangu hapo napiga chenga. Mara tumbo, mara mwiko umepotea, mara shemeji kafiwa, na shemeji mwenyewe hana habari. Mke wangu alinicheka, "Ungekuwa unanitazama mimi hivyo ningenenepa," nikampeleka akaone, akaingia na maneno mengi, akainua macho, na kuanzia hapo akawa ananong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala. Njiani akasema tu, "Usiiguse." Nisipofanya mtihani Jumatatu narudia mwaka, na nimeanza kuona heri nirudie. Nifanyeje?

Mwoga wa Dari

Mwoga wa Dari, pole, na hongera pia, maana wapo wanaozeeka bila kuona kitu kikawafunga mdomo. Nilipomaliza barua yako nilijikuta nimeinua macho kwenye dari ya ofisi hii, ambayo kwa kweli ni aibu.

Sasa tuache sifa. Unawaua ndugu za shemeji yako ili usipande jukwaa? Mtu mzima na mke wako? Unasema unamheshimu Bi Taa, mbona humtii? Wewe hulihurumii jasi hilo. Unaogopa yako ikae mahali pa yake watu waone tofauti. Wataiona, ndiyo. Wewe ni mwanafunzi, ulitaka waone nini?

Na hilo la kurudia mwaka umelifikiria vizuri? Atakufundisha nani? Unalinda jasi, unampoteza aliyelipaka.

Maji umeshayavulia nguo, sharti uyaoge. Jumatatu nenda mapema, mkeo abaki nyumbani. Mwombe mwalimu akae kwenye kiti chini ya jukwaa, ukiri ule uongo wote, ingawa nadhani anaujua. Usigonge kama mwizi anayevunja mlango. Anzia konani, bandua polepole, utazame tabaka kwa tabaka alivyolijenga, na usichokielewa uliza papo hapo. Umeiona kazi hiyo kwa nje tu. Ufundi wa kona uko ndani, na hakuna njia ya kuufikia ila kuvunja. Yule mama hakukosa akili alipokutuma.

Kisha weka yako. Itapinda kidogo, nakwambia mapema usije ukalia. Lakini atakuwepo wa kukuambia imepindia wapi na kwa nini, kwani bega limekwisha, mdomo haujaisha. Ukirudia, mwaka ujao utapanda jukwaa hilohilo, utakosea vilevile, na pale chini patakuwa na kiti kitupu.