Mwenye Unga Wote kwa Siku Nane

Euless, 7 Machi 1999

Mwanangu Bertila,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na hizo barabara kuu zenu za huko Katy zisizo na mwisho. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na habari hii haitaki kukatizwa.

Kaa chini. Mimi baba yako mdogo, niliyeishia darasa la saba pale Kanyigo, nitakuwa mwenye unga wote wa Wayahudi wa Dallas.

Unajua pale sinagogi mimi ni meneja wa jengo. Wewe husema mfagiaji, haya, lakini funguo zote ninazo mimi. Sasa Pasaka yao inaanza tarehe 31 jioni. Kwa siku nane Myahudi hali mkate, na hatakiwi kuwa nao hata kabatini. Unga wa ngano, tambi, biskuti, bia, wiski, vyote marufuku. Lakini mtu ana wiski ya miaka thelathini, aimwage? Haimwagi. Rabi anaandika majina ya familia zote, anatengeneza mkataba, anamuuzia mtu asiye Myahudi. Ni mauzo ya kweli, mnunuzi akitaka anaingia kabatini anajipakulia. Pasaka ikiisha, Rabi anavinunua tena.

Miaka yote mnunuzi alikuwa tarishi mmoja, amehamia Oklahoma. Rabi akaniita: "Kamugisha, nataka mtu ambaye akisema ndiyo, ni ndiyo." Nikamwambia amekwisha kumpata. Nikamsimulia na wale viboko watatu wa mto Kagera niliowafukuza kwa mwiko. Akacheka mpaka kile kikofia chake kikadondoka.

Baba yako mdogo,
Kamugisha

*

Katy, 11 Machi 1999

Shikamoo Baba Mdogo,

Sisi huku hatujambo. Shifti za hospitali zimenibana lakini nakula na nalala. Hilo goti lako ukalipime, usilifanye redio.

Hongera kwa unga. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali pa kupunguza, maana nakujua. Kwenye harusi ya Prudensia kiboko alikuwa mmoja. Krismasi wakawa wawili. Leo ni watatu.

Nami nina habari. Wazee wa Samson watakuja kwangu Mei kuleta posa. Baba angekuwa hai angekaa yeye pale mbele. Kwa kuwa hayupo, kiti ni chako, hilo najua. Lakini Baba Mdogo, nitasema ukweli bila kukuvunjia heshima: naogopa. Wale ni watu wa maneno machache. Ukiwaambia Baba alikuwa na ng'ombe mia tano, na Samson ameshaona picha ya nyumba yetu, mimi nitaweka wapi uso? Nimefikiria kumwomba mzee Fidèle wa kanisani azungumze, wewe ukae kando yake. Sijaamua. Usikasirike.

Mwanao,
Bertila

*

Euless, 23 Machi 1999

Bertila mwanangu,

Salamu, na hali yako iwe njema kuliko yangu. Sijakasirika. Hilo la Fidèle tuliweke pembeni kwanza, nina jambo linanila.

Jumapili akina mama walimaliza jiko la sinagogi kwa ajili ya Pasaka. Siyo usafi wa kufuta meza, mwanangu. Oveni iliwashwa mpaka ikawa nyekundu ndani, meza zikamwagiwa maji yanayochemka, kila droo ikatolewa. Bi Esta, mkuu wa jiko, ana miaka sabini na sita, alipiga magoti akichokonoa pembe za kabati kwa mswaki. Watapika humo kwa ajili ya wazee sitini wasio na pa kula Pasaka.

Leo asubuhi nilikuwa peke yangu. Nilikuwa na maandazi mawili, nikayaweka kwenye sinia yao mpya, nikayapasha moto humo humo ndani ya oveni, nikala nimeegemea meza. Nisikilize kabla hujanilaumu. Orodha ya Rabi ya vilivyokatazwa naijua yote, na andazi halimo. Mkate unaokwa, andazi linakaangwa. Nikaona niko salama kabisa.

Saa sita Bi Esta akaja, akaona mtu ameleta kopo la unga wa kuoka lisilo na muhuri wa kuonyesha limeruhusiwa kwa Pasaka. Akalitupa nje kama nyoka. Nikamuuliza, kwa utani tu, je kitu cha kukaanga? Akasema, "Kamu, ngano ikilowa maji, hata ukiikaanga mwezini, ni ile ile. Ikigusa jiko hili tunaanza upya."

Hakuna aliyeniona. Sinia nimeiosha, makombo nimeyafuta. Nikisema, Rabi atatafuta mnunuzi mwingine, labda na mfagiaji mwingine. Nisiposema, wazee sitini watakula kwenye jiko ninalojua mimi peke yangu kwamba si safi. Wewe ndiye uliyesoma.

Baba yako mdogo,
Kamugisha

*

Katy, 25 Machi 1999

Shikamoo Baba Mdogo,

Naandika nikiwa kwenye mapumziko ya chakula, nimesimama.

Hili halihitaji kusoma. Umwambie Rabi, na umwambie lilivyokuwa: maandazi mawili, oveni moja, sinia moja. Yasiwe maandazi kumi wala nusu andazi.

Najua unaweza kuipoteza kazi. Ikitokea hivyo, chumba kipo hapa Katy.

Mwanao,
Bertila

*

Euless, 9 Aprili 1999

Mwanangu Bertila,

Heri ya Pasaka iliyopita, yetu na yao. Natumaini ulipata hata siku moja ya kupumzika. Nimechelewa kuandika kwa sababu tajiri ana shughuli nyingi.

Nilisema. Jumapili asubuhi, mbele ya Rabi na akina mama wote. Bi Esta aliuliza, "Mangapi?" Nikasema mawili. Jiko likasafishwa tena kidogo, wazee wakala kwa wakati, mambo yakaisha.

Jumatano Rabi akaniita nikadhani ni barua ya kuachishwa. Kumbe ni mkataba. Nikatia sahihi kwa kalamu nzito kama nyundo. Familia mia mbili na kumi na mbili, Bertila. Mvinyo, wiski, unga, tambi, tambi ambazo ukiziunganisha moja kwa nyingine zinafika Mexico na kurudi. Kwa siku nane Myahudi wa Dallas akitaka biskuti, biskuti ni ya Kamugisha wa Kanyigo.

Siku ya nne Kamau, jirani yangu, akaniambia twende tukafungue chupa moja, si ni mali yako. Nikamwambia ni yangu kweli, ndiyo maana nimeamua isifunguliwe. Jana jua lilipozama Rabi akavinunua vyote. Nimerudi kuwa maskini, na sioni tofauti.

Baba yako mdogo,
Kamugisha

*

Katy, 14 Aprili 1999

Shikamoo Baba Mdogo,

Mimi na Samson tulirudi salama kutoka kwako. Asante kwa chakula cha Jumapili, Samson bado anazitaja zile ndizi.

Ulipokwenda kutafuta gari, Bi Esta, uliyekuwa umemwalika naye, alinishika mkono. Aliniambia "kidogo" yako ilikuwa siku mbili. Kwamba ulikataa msaada, ukasugua jiko zima peke yako, oveni, droo, hata pembe zile kwa mswaki. Jumanne Rabi alipokuja kusimamia umwagaji wa maji ya moto, sufuria ulibeba wewe, na ukaungua kuanzia kiwiko mpaka kidoleni. Nilijiuliza kwa nini umevaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile. Mimi ni nesi, Baba Mdogo. Nimekutumia dawa, paka asubuhi na jioni.

Barua nzima ya tambi za kufika Mexico, na hilo hukuliandika.

Mzee Fidèle nimemwambia atakuja kama mgeni. Kiti cha mbele ni chako, tarehe 22 Mei, saa nane mchana. Ng'ombe usiwataje kabisa. Kiboko nakuruhusu mmoja.

Mwanao,
Bertila

*

Euless, 18 Aprili 1999

Bertila mwanangu,

U mzima? Mkono unapona. Nitafika saa sita, nikusaidie kupanga viti.

Kuhusu kiboko. Alikuwa mtoto, na aliondoka mwenyewe.

Baba yako,
Kamugisha