Babu Anajifanya Amekata Pumzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho. Babu yangu, fundi cherehani, alianguka kutoka juu ya ngazi akibadilisha balbu, akavunjika shingo, na tangu atoke hospitali misuli ya kifua imelegea, hawezi kukohoa peke yake, hivyo mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kuweka viganja chini ya mbavu zake na kusukuma kwenda juu kila anapokohoa ili makohozi yatoke, na kazi hiyo ni yangu kwa sababu mama hushinda kazini. Shida ni kwamba babu ni mtani, ananiita mke wake, na mchezo anaoupenda ni kubana pumzi na kulegeza taya, nami nikiruka kutoka kitini anafumbua jicho moja na kuuliza, "Mke wangu, ungeolewa na nani?" Nilichoka, nikaacha kuruka. Jumanne akanyamaza, nikaendelea kusoma, nikamwambia, "Kufa taratibu, mume wangu, nina mtihani," hadi nikaona midomo imebadilika rangi, kumbe makohozi yamemkaba kweli. Nilisukuma mara nne huku nalia. Alipopata hewa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Umefaulu?" Tuliahidiana tusimwambie mama, na Alhamisi amenifanyia mchezo uleule tena! Najichunguza kila saa: mimi ni muuaji, au mjinga tu?

Mke wa Babu

JIBU: Mke wa Babu, pole. Wewe si muuaji. Unajichunguza mno wakati kinachopaswa kuchunguzwa ni kifua cha mgonjwa. Siri hiyo itoe leo, mama akiwa hata hajavua viatu. Kesho mpelekeni hospitali apimwe. Akipata homa, sauti ikififia, akisinzia ovyo au makohozi yakibadilika rangi, msingoje kesho.

Nawe mzee, najua unasomewa gazeti hili. Mwenye pumzi ya kubahatisha haichezei!

Utani wenyewe usimkataze, binti. Mtu aliyebakiwa na ulimi usimnyang'anye. Ila kuanzia sasa, kila akifa, amini. Funga kitabu, sukuma kama ulivyofundishwa, mwite jirani kwa sauti, mpigie mama, ita gari. Akifa mara tatu kwa siku, gari lije mara tatu. Na usimuulize kamwe kama anatania. Aliye hai atajitetea mwenyewe.